Kidonda Kisichotoa Usaha

Tarehe 4 Machi

Binti yangu,

Kabla hata ya salamu: mdogo wako hakufa kwa uchafu. Mama yako hakumuua. Alikufa kwa ugonjwa wa damu aliozaliwa nao, nami nimelijua hilo miaka yote hii na kulikalia kimya. Nimelitanguliza kwa sababu siku hizi mkono wangu huchoka kabla ya ukurasa kuisha, na sikutaka hili likatike katikati.

Sasa salamu. Mimi naendelea kizee. Moyo unasukuma damu kwa kusitasita, miguu imevimba kama mito ya kulalia, na masikio yamefunga duka kabisa, ndiyo maana sikupigii simu. Muuguzi anayenihudumia ana mdomo wa pilipili. Jana alinikuta napapasa meza natafuta miwani, akaniinamia sikioni na kupiga kelele: "Profesa, miwani iko usoni! Huko chuoni walikupa vyeti kwa kukuonea huruma?" Nikacheka, nikakohoa, akanipiga marufuku kucheka.

Hongera kwa mtoto. Picha uliyoniletea nimeiegemeza kwenye chupa ya dawa, naitazama kutwa. Mumeo anaonekana kama mtu aliyepewa gari asilojua kuliendesha. Wewe umechoka na umependeza. Lakini nimemwona pia mama yako. Wote mmejazana kitandani kumzunguka mtoto, yeye amesimama kando ya dirisha, mikono ameiweka nyuma ya mgongo, kama mgeni aliyeambiwa asiguse kitu.

Nimeijua mikono ile. Ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Mpeleke mtoto apimwe damu, chembe nyeupe hasa. Nina hakika hana neno, kwa sababu ugonjwa huu hutaka kurithiwa kwa baba na kwa mama kwa pamoja, na mumeo si wa damu yetu. Hata hivyo mpeleke. Na uniambie kitovu chake kilidondoka lini.

Ni mimi,
Baba yako mkubwa


Tarehe 29 Machi

Baba mkubwa, shikamoo.

Sisi huku hatujambo. Mtoto tumempa jina la utani la Mheshimiwa, kwa kuwa hasemi mara mbili. Akipiga kelele mara moja nyumba nzima inasimama. Baba yake ameshajifunza kumwogesha, ingawa humaliza akiwa amelowa yeye kuliko mtoto. Mimi nimerudi kazini kwa nusu siku. Nilipoanza tena kubeba vyombo vya kupimia viwanja, mafundi wenzangu walinitania kuwa sasa napima kwa hatua za mama mzazi.

Kitovu kilidondoka mapema tu, kabla hata hatujamaliza wiki ya pili. Damu tumeipeleka, majibu bado.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, halafu nikakaa chini kwenye sakafu. Nilikuwa na miaka sita wakati ule, Baba mkubwa. Nakumbuka kidonda kile kitovuni, jinsi kilivyokuwa kinapanuka na huku kikavu, hakina hata tone la usaha. Nakumbuka majirani wakikisifia: "Angalau ni kisafi." Kisha mdogo wangu akafa na kidonda chake kisafi, na baada ya mazishi shangazi wakaanza kusema mama ana mikono michafu. Baba hakuwazuia. Tukarudi kwa kina mama, tukaishi huko mpaka nikawa mtu mzima.

Umemwona pichani. Ngoja nikueleze usiyoyaona. Mheshimiwa ana zaidi ya mwezi na bibi yake hajamshika. Anafua nguo zake, anachemsha maji yake, anamwimbia kutoka mlangoni. Nikimwambia, "Mama, nishikie nijifunge kanga," anajibu, "Mlaze tu hapo, mwanangu, mimi nimetoka kushika vitu." Vitu gani? Ametoka kunawa! Ananawa mpaka ngozi ya vidole imepasuka. Nilimpeleka kwa daktari wa ngozi, akaambiwa apunguze sabuni. Alimwangalia yule daktari kama mtu aliyemtukana.

Sijamsomea barua yako bado. Nataka kwanza nielewe mwenyewe. Ugonjwa gani huo? Na nina swali la pili. Kazi yangu ni ya mipaka. Nikikuta jiwe la alama limesogezwa, siandiki tu kwamba limesogea, nauliza nani amelisogeza. Neno hilo la uchafu, nani alilisema wa kwanza?

Mwanao


Tarehe 20 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, na salamu kwa Mheshimiwa na watumishi wake wote. Kitovu kudondoka mapema ni habari njema kuliko unavyofikiri, na nitakueleza sababu. Muuguzi ameniruhusu saa moja ya kuandika. Amekaa pembeni anasuka sweta na kunitazama kama msimamizi wa mtihani.

Unajua mlivyokuwa mkiniita mlipokuwa watoto: Baba Gundi. Mliposikia nasomea jinsi chembe za mwili zinavyoshikana, mkaniletea sahani iliyovunjika niiunganishe. Nilishindwa, mkanidharau siku nzima. Lakini gundi yangu ilikuwa ya namna nyingine.

Kila chembe ya mwili imefunikwa na utando mwembamba. Katika utando huo kuna vipokezi vinavyoitwa integrini. Kila kimoja ni nyuzi mbili za protini zilizosimama pamoja, zimeutoboa utando, vichwa viko nje na miguu iko ndani. Kwa vichwa chembe hushika ilichokalia: nyama, mfupa, ukuta wa mshipa. Kwa miguu imejifunga kwenye kamba zake za ndani zinazoipa umbo. Kwa hiyo chembe ikishika, haishiki kwa ngozi tu, inashika kwa mwili wake wote.

Na si kushika peke yake. Integrini ni kama mtu aliyesimama mlangoni, anayepokea habari za pande zote mbili. Habari ikitoka ndani kwamba sasa ni wakati, integrini iliyokuwa imejikunja hunyooka na kukamata kwa nguvu. Na ikishakamata, hupeleka habari ndani: tumepata pa kukaa, ishi, jigawe, au sogea. Chembe zikishang'olewa mahali pake zikakosa habari hiyo, nyingi hujiua zenyewe, hata ukizizungushia chakula cha kutosha. Nimeliona hilo katika kioo cha hadubini mara nyingi, na kila mara nilihisi ubaridi.

Sasa chembe nyeupe. Hizi ni askari wa doria, zinapita ndani ya mishipa bila kushika popote. Mwili ukiumia, king'ora kinalia. Askari aliye karibu huanza kubingirika taratibu kwenye ukuta wa mshipa, kisha integrini zake zinanyooka, zinakamata ukuta, anasimama, anajipenyeza nje na kwenda kidondani. Usaha unaouona ni maiti za askari hao waliofika na kupigana. Na wao ndio wanaosaidia kitovu kikatike.

Mdogo wako alizaliwa na kasoro: uzi mmoja wa integrini hizo haukutengenezwa. Askari alikuwa nao, tena wengi kupita kiasi, damu ilijaa. Wote walipita juu ya kidonda kama maji ya mto yanavyopita kando ya nyumba inayoungua. Hawakuweza kushika ukuta, hawakutoka. Kitovu kiligoma kukatika, kidonda kikapanuka, na hakikutoa usaha kwa sababu hakuna aliyefika. Usafi ule majirani waliousifia ndio uliokuwa dalili yenyewe.

Nilikuja kuipima damu yake. Ukiweka chembe nyeupe za mtu mwenye afya juu ya kipande cha kioo, zinajitandaza, zinang'ang'ania. Unamimina maji na hazitoki. Za mdogo wako zilikwenda zote na maji. Kioo kilibaki kitupu.

Msomee mama yako. Mwambie hakuna sabuni duniani ambayo ingemsaidia mtoto yule.

Msimamizi ananyooshea saa kidole. Nikomee hapa.

Baba yako mkubwa


Tarehe 2 Juni

Baba mkubwa, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulihamia nyumba yenye chumba cha ziada cha mama, na kwa wiki kadhaa sikujua hata kalamu iko sanduku gani. Mheshimiwa amegundua miguu yake mwenyewe na anaipenda kuliko sisi sote. Majibu ya damu yametoka: chembe zake ziko sawa, integrini zipo. Daktari wa watoto aliponiona najua neno hilo aliniuliza, "Mama wewe ni wa hospitali?" Nikamwambia, hapana, nina baba mkubwa.

Nilimsomea mama barua zako zote mbili, akiwa amekaa kwenye kiti cha kukunja uani, mikono yake mapajani imepakwa mafuta. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mwambie shemeji ahsante. Msomi anajua kumfariji mtu."

Nikamwambia, "Mama, hakufariji. Anakwambia ukweli."

"Ukweli wa sasa au wa wakati ule?"

"Ukweli ni ukweli, Mama."

Akacheka, kicheko kile chake cha puani. "Wewe bado mtoto. Muulize siku ya mlangoni alisema nini."

"Siku gani ya mlangoni?"

"Muulize yeye. Mimi sipeleki maneno ya watu." Akainuka, akaenda kunawa.

Basi nakuuliza. Na kuna jingine. Nilimwuliza yule daktari wa watoto kuhusu kile kipimo cha kioo na maji. Akaniambia kinataka damu mbichi, iliyotoka mwilini siku hiyo hiyo, kwa sababu chembe iliyokufa haishiki kitu hata kama ni ya mtu mwenye afya. Wewe umeandika, "nilikuja kuipima". Ulikuja lini, Baba mkubwa? Mtoto akiwa wapi?

Mwanao


Tarehe 27 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kuhusu Mheshimiwa na miguu yake. Aifaidi, yangu naitazama tu. Wiki iliyopita walinilaza hospitalini, maji yalikuwa yamejaa kifuani. Nimerudishwa nyumbani bila maneno mengi, na daktari alipozungumza na muuguzi waligeukia dirishani ili nisisome midomo yao. Wamesahau kuwa nimefundisha miaka mingi. Najua mgongo wa mtu anayetoa majibu mabaya.

Umepima vizuri. Damu ilikuwa mbichi. Mtoto alikuwa hai. Nilikuwa nimemtoa tone dogo kisiginoni nikimwambia mama yako ni la uchunguzi wa kawaida, kwa kuwa kile kidonda kikavu kilinitia shaka. Ugonjwa ule ulikuwa mgeni hata vitabuni, tulikuwa wachache tuliosikia habari zake. Palikuwa na hospitali kuu, mbali, iliyokuwa imeanza kupandikiza uboho wa mifupa kwa watoto wa namna hiyo. Wengine walipona, wengine hawakufika. Sidai angepona. Lakini njia ilikuwepo na mimi nilijua ilipo. Nilitaka kurudia kipimo nihakikishe. Kabla sijarudia, homa ilimchukua.

Hayo ndiyo niliyoficha. Mama yako alirudishwa kwao kama chembe iliyong'olewa mahali pake. Nashangaa, nashukuru, kwamba aliishi.

Kwa leo nguvu zimeisha.

Baba yako mkubwa


Tarehe 30 Julai

Baba mkubwa,

Shikamoo. Pole kwa maradhi.

Barua yako ni nzuri na imeniuma. Haina jibu. Nilikuuliza mambo mawili, umenijibu moja na kulipamba.

Nikwambie jambo nisilowahi kumwambia mtu. Tulipokuwa kwa kina mama, nilikuwa nanusa kikombe kabla ya kunywa, kama ni mama aliyekiosha. Mtoto wa miaka saba. Aliniona. Hakunikanya, alikichukua, akakiosha mara ya pili mbele yangu, akanirudishia. Miaka yote hii tumeishi juu ya kikombe hicho na hakuna anayekitaja.

Juzi Mheshimiwa alijigeuza kitandani. Nilikuwa bafuni. Mama alikuwa chumbani, hatua mbili tu kutoka kitandani. Nikamsikia akipiga kelele, "Mtoto! Njoo! Mtoto!" Nilipofika mtoto alikuwa tayari ameanguka, ameshukia rundo la nguo za kufuliwa, analia kwa hasira tu, mzima. Na mama amesimama palepale, mikono nyuma ya mgongo, ameishikanisha. Sikumgombeza. Afadhali ningemgombeza. Aliniambia, "Mikono ilikataa."

Amefunga mizigo. Anasema anataka kuondoka kabla hajamwua na huyu.

Nimemwambia kila kitu ulichonieleza: vipokezi, askari, kioo, mpaka ile hospitali ya mbali. Anatikisa kichwa. "Shemeji ana maneno mengi," anasema, "na mimi nangoja moja." Nimemwomba akae mpaka barua yako ifike. Amekubali kwa ajili yako, si yangu.

Usiniandikie tena juu ya chembe. Siku ya mlangoni ulisema nini?

Mwanao


Tarehe 15 Agosti

Binti yangu,

Marahaba. Msalimie mumeo, mbusu Mheshimiwa penye uvimbe kama upo. Habari za huku ni kwamba silali tena kitandani, nimeketishwa kitini usiku na mchana ili nipumue, na muuguzi ameacha kunitania. Nimemwambia aanze tena, kimya chake kinanitisha. Akasema, "Haya, andika basi barua yako, mzee, unavyobana hiyo kalamu utadhani watu wanakunyang'anya." Machozi yalikuwa yanamtoka.

Keti na mama yako. Usimsomee ukiwa umesimama mlangoni wala ukiwa jikoni. Msomee mpaka neno la mwisho, hata akikuambia inatosha.

Siku ile nilikuwa maabara. Chumba chenyewe unakikumbuka, ulikuja mara moja ukaogopa harufu: meza ndefu, sinki, hadubini yangu karibu na dirisha, na mlango wa mbao uliokuwa na kioo kidogo cha juu. Nilikuwa nimetoka kumimina maji. Nilikuwa nimeangalia mara tatu. Kipande kimoja chembe zimejaa, hizo zilikuwa zangu mwenyewe, nilijitoa damu kwa kulinganisha. Kipande cha pili, kitupu. Nilielewa palepale. Niliyokuandikia kwamba nilitaka kurudia nihakikishe ni maneno ya mtu anayejitafutia mahali pa kusimama. Sikuwa na shaka yoyote.

Mlango ukagongwa. Walikuwa baba yako na mama yako, wametoka kliniki. Mama yako amempakata mtoto kifuani. Nilitoka nikasimama mlangoni, nikauvuta mlango nyuma yangu, na vile vioo viwili bado vimelowa mezani.

Mama yako akasema, "Shemeji, wewe ndiye unayejua. Kitovu hakikatiki na kidonda kinakua. Nifanye nini?"

Neno lilikuwa mdomoni. Nikamtazama ndugu yangu. Ulimjua baba yako; alikuwa mtu wa kujivunia ukoo, na alinitazama kwa imani, kama anavyomtazama mtu aliye upande wake. Nikawaza jinsi ya kumwambia kwamba mwanawe ana kasoro ya kurithi na kwamba nusu yake imetoka kwetu, kwa mama yetu au kwa baba yetu, huenda na mimi ninayo. Ningesema damu, nusu ingekuwa yetu. Nilihitaji neno ambalo lisingemgusa yeye wala mimi. Lilikuwepo karibu, likanijia bila taabu.

Nilisema, "Kitovu kinataka usafi, shemeji. Zidisha usafi wa mikono."

Nilisema kwa upole. Hata tabasamu nilitoa. Ndugu yangu akageuka, akaitazama mikono ya mkewe. Aliitazama tu, kwa muda. Mama yako naye akaitazama, kama mikono ya mtu mwingine. Kisha akampa ndugu yangu mtoto, taratibu, na akaiweka nyuma ya mgongo. Ndivyo alivyosimama katika picha yako.

Shangazi zako hawakulitunga neno lile. Walilipokea kwa baba yako, na baba yako alilipokea kwangu. Mtu yeyote angelisema, lingepita. Lilishika kwa sababu lilitoka kwangu mimi niliyesomea.

Shemeji, sasa naongea nawe. Sikuombi msamaha kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi haimtazami mtu usoni, na mimi sitafika huko. Ulisema unangoja neno moja. Mimi ndiye niliyesema mikono yako ni michafu, na nilipokuwa nalisema, nilikuwa nimeshaona kwenye kioo kwamba si kweli.